Chakula cha Mama katika Mji wa Mpunga

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya chakula cha nyumbani mjini, na hasa chakula cha mama mwenyewe akipikaye. Tutalitazama jambo hili katika Mlabani, kata mojawapo ya mji wa Ifakara, bondeni Kilombero. Nimeuchagua mji huo kwa sababu umezungukwa na mpunga pande nyingi, na mgeni apitaye huko huuliza: Penye mpunga mwingi namna hii, njaa yaweza kuingia kwa mlango gani? Swali lake ni jema, na jibu lake lawafaa watu wa kila mji.

Kwanza tuitazame nchi. Upande mmoja ipo milima ya Udzungwa, na upande wa pili vilima vya Mahenge. Katikati limelala bonde pana, na mto Kilombero hufurika humo wakati wa masika. Mwaka 2002 bonde hilo liliandikwa katika orodha ya nchi oevu zinazolindwa kwa mapatano ya Ramsar, na eneo lililoandikwa lakaribia kilometa za mraba 8,000. Maji yakishuka huacha udongo wenye rutuba, na samaki kama perege na kambale. Wandamba, wenyeji wa bonde hilo, wamejulikana tangu zamani kwa uvuvi na kwa kilimo cha mpunga. Kisha reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ikapita huko, na mwaka 2018 daraja la mto Kilombero likafunguliwa rasmi. Basi mpunga una njia ya kutoka, na bidhaa zina njia ya kuingia.

Sasa tuulize, uhakika wa chakula ni nini? Mwaka 1996 wakuu wa mataifa walikutana Rumi kwa ajili ya shauri la chakula duniani. Walikubaliana kwamba watu wana uhakika wa chakula ikiwa watu wote, siku zote, waweza kupata chakula cha kutosha, kisicho na madhara, chenye kuujenga mwili. Wataalamu wameyagawa maneno hayo mafungu manne, nami nayafananisha na matendegu manne ya kitanda. La kwanza, chakula kiwepo. La pili, mtu awe na uwezo wa kukipata. La tatu, mwili uweze kukitumia. La nne, mambo hayo matatu yadumu mwaka mzima. Tendegu moja likivunjika, alalaye juu yake ataanguka, hata kama matatu yaliyobaki ni ya mninga. Huko Ifakara tendegu la kwanza lina nguvu. Yatupasa kuyakagua mengine.

CHAKULA KIPO, LAKINI NI CHA NANI?

Katika mwaka 1943 watu wengi mno walikufa kwa njaa katika nchi ya Bengal, huko Bara Hindi. Mtoto mmoja wa nchi hiyo, Amartya Sen, aliyezaliwa mwaka 1933, aliiona njaa ile. Alipokuwa mtaalamu wa mambo ya uchumi aliandika kitabu, kikapigwa chapa mwaka 1981, akionyesha kwamba watu waweza kufa njaa hali chakula kipo sokoni, kwa kuwa hawana fedha wala haki ya kukitwaa. Mwaka 1998 alipewa tuzo ya Nobel kwa kazi zake. Fundisho lake laweza kusemwa kwa maneno machache: usihesabu magunia ya ghalani peke yake, bali uliza ni nani mwenye ufunguo wa ghala.

Tulitie fundisho hilo katika Mlabani. Watu wengi wa mji wa Ifakara ni watu wa mjini na wakulima pia. Nyumba iko mjini, na shamba liko mbali bondeni. Mvua zikianza, wengi huhamia shambani, wakakaa katika vibanda muda wa wiki au hata miezi, kwa kulima, kupalilia, kuamia ndege na kuvuna. Wakati huo huo akiba ya mwaka uliopita huwa inakwisha. Kazi inazidi na chakula kinapungua. Ndiyo maana miezi ile ya kabla ya mavuno ni migumu kuliko yote, na mama mwenye mimba aweza kuwa ameshika jembe kutwa kwa nguvu za chai ya rangi na kipande cha muhogo.

Mavuno yakifika, mpunga hujaa kila mahali na bei yake hushuka. Lakini hapo ndipo madai nayo hufika: ada na sare za shule, kodi ya nyumba, deni la mbegu, deni la dukani. Mwenye nyumba huuza magunia mengi kwa bei ya chini. Wengine wameuza zamani, mpunga ungali shambani haujakomaa, kwa kuwa shida haikungoja. Baada ya miezi michache nyumba ile ile iliyouza mpunga hurudi sokoni kununua mchele, na bei imekwisha kupanda. Basi mkulima ameuza kwa bei rahisi kitu alichokitolea jasho, naye amekinunua tena kwa bei ghali. Huo ndio mlango mmoja ambao njaa huuingilia katika mji wa mpunga.

Mlango wa pili ni ununuzi wa kila siku. Asiye na shamba, anayeishi kwa kibarua, au kwa kuuza vitumbua, au kwa kufua nguo za watu, hana fedha za kununua gunia. Hununua nusu kilo ya unga, mafuta ya kupima, fungu la dagaa, kopo la mkaa. Ukizijumlisha sehemu hizo ndogo utaona kwamba aghalabu maskini hulipa zaidi kuliko tajiri kwa kitu kile kile, kwa sababu hununua kidogo kidogo. Wanafunzi na wafanye hesabu hiyo wenyewe: waulize bei ya mafuta ya kupima, kisha bei ya dumu zima, wagawe, walinganishe. Tena siku kibarua kisipopatikana, sufuria haina la kungojea. Kijijini mtu aweza kuchuma kisamvu nyuma ya nyumba, lakini mjini hata majani ya maboga yana bei.

SAHANI YA MAMA

Sasa tuingie ndani ya nyumba. Tuseme sufuria imepikwa, na wali umo. Je, kila mtu amekula sawasawa? Katika nyumba nyingi baba na wageni huandaliwa kwanza, kisha watoto, na mama hula mwisho. Kikiwa kingi, hapana neno. Kikiwa haba, mama hujipunguzia mwenyewe, wala hasemi. Atasema, "Mimi nimekwisha onja jikoni." Hivyo njaa ya nyumba hukusanyika katika sahani moja, nayo ni sahani ambayo hakuna aitazamaye.

Na mwili wa mama ndio wenye kudai zaidi. Tutwae mfano wa madini ya chuma, ambayo mwili huyatumia kutengeneza damu. Mwanamume mzima yampasa kupata kama miligramu 8 kila siku katika chakula chake. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa yampasa miligramu 18, kwa sababu hupoteza damu kila mwezi, na akiwa na mimba yampasa 27. Basi huyu ambaye mwili wake wahitaji zaidi ya mara mbili ndiye apewaye mchuzi, na mnofu wenye chuma umekwisha pita. Mama anyonyeshaye naye huhitaji chakula zaidi kuliko siku zake za kawaida, maana maziwa hayafanywi kwa hewa.

Matokeo yake yamepimwa. Katika uchunguzi wa afya uliofanywa Tanzania nzima mwaka 2015 na 2016, wanawake 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walionekana wana upungufu wa damu. Katika uchunguzi huo huo, watoto 34 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, yaani wafupi kuliko umri wao. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulikuta waliodumaa ni 30 katika kila 100. Hali imepata nafuu, lakini safari bado ndefu. Mama mwenye damu haba huchoka upesi na kupumua kwa shida. Akizaa na kutokwa na damu, hana akiba ya kumwokoa, na mtoto wake aweza kuzaliwa na uzito mdogo. Ikiwa mtoto huyo ni msichana, naye akakua kwa sahani ndogo vilevile, atayarithisha mambo hayo kwa wanawe.

Yapo na mambo mengine yanayopunguza damu, mbali na chakula: malaria, safura, na kuzaa watoto bila kupumzika kati. Watu wa Ifakara wanayajua haya kwa karibu, maana tangu mwaka 1957 mji wao umekuwa na kituo cha uchunguzi wa magonjwa, kilichoanzishwa na Waswisi, ambacho leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Katika miaka ya 1990 vyandarua vyenye dawa vilienezwa katika wilaya za Kilombero na Ulanga, na wachunguzi waliona kwamba watoto waliolala ndani yake walipata malaria kidogo, na damu yao ikawa nzuri zaidi. Kwa hiyo chandarua nacho ni ulinzi wa chakula: kinakihifadhi kile mwili ulichokwisha kula. Hilo ndilo tendegu la tatu.

Wala msidhani kwamba mwili mnene ni dalili ya kula vema. Uchunguzi ule wa 2015 na 2016 ulionyesha kwamba wanawake 28 katika kila 100 walikuwa na uzito kupita kiasi, na waliokuwa mijini walizidi wale wa vijijini. Wali mweupe, chipsi, maandazi na chai yenye sukari nyingi hushibisha na kunenepesha, lakini havileti damu. Mtu aweza kuwa mnene, na chini ya ngozi yake ana njaa ya vitu asivyovijua.

MCHELE PEKE YAKE HAUTOSHI

Katika miaka ya 1890 daktari mmoja Mholanzi, Christiaan Eijkman, alikuwa kisiwani Java akitafuta asili ya ugonjwa wa beriberi, unaolegeza miguu na kuua. Aliona kuku waliolishwa mchele mweupe uliokobolewa sana wakilegea kama wagonjwa wake, na waliopewa mchele wenye ganda lake la ndani wakipona. Mwaka 1929 alipewa tuzo ya Nobel. Baadaye ikajulikana kwamba katika ganda lile jembamba mna vitamini, nasi tunapolikoboa lote ili mchele ung'ae, twaitupa vitamini katika pumba. Simwambii mtu wa Ifakara aache kuula wali wake, ambao sifa zake zimefika mbali. Namwambia kwamba wali ni kama mwenye nyumba, na mwenye nyumba hakai peke yake.

Basi mtu atajuaje kama mlo wa mama unatosha? Mwaka 2016 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa na wenziwe walitoa kipimo chepesi, kisichohitaji mizani. Vyakula vimegawanywa makundi kumi: nafaka pamoja na mihogo, viazi na ndizi za kupika, jamii ya maharage, kunde na choroko, karanga na mbegu kama ufuta, maziwa, nyama, kuku na samaki, mayai, mboga za majani mabichi yaliyokoza rangi, matunda na mboga za rangi ya chungwa, kama embe bivu, papai na boga, mboga nyingine, na matunda mengine. Mwanamke aliyekula jana angalau makundi matano huhesabiwa kuwa mlo wake yumkini una vitu vya kutosha. Kipimo hiki ni cha kuwapima wanawake wengi wa mahali pamoja, si cha kumhukumu mmoja kwa siku moja. Lakini kila nyumba yaweza kujifunza kwacho.

Na tujaribu. Mama fulani asubuhi alikunywa chai na vitumbua, mchana akala wali kwa maharage, na usiku ugali kwa mchicha uliokaangwa kwa nyanya na vitunguu vya kutosha. Tuhesabu. Vitumbua, wali na ugali ni kundi moja tu, kwa kuwa vyote ni nafaka. Maharage ni la pili. Mchicha ni la tatu. Nyanya na vitunguu ni la nne. Chai, sukari na mafuta havihesabiwi. Mama huyu amekula mara tatu, ameshiba, na bado amepungukiwa na kundi moja. Pera moja, au dagaa kidogo, au yai, vingemfikisha kwenye tano.

Kipo na kipimo kingine, kilichotolewa mwaka 2007, chenye maswali tisa ambayo nyumba huulizwa juu ya majuma manne yaliyopita. Huanza kwa wasiwasi: Je, mlikuwa na hofu kwamba chakula hakitatosha? Kisha huteremka kama ngazi: mliacha vyakula mnavyovipenda, mlikula vya aina chache, mlikula msivyovitaka, mlipunguza kiasi, mlipunguza milo, mlikosa chakula kabisa nyumbani, mlilala na njaa, mlikaa usiku na mchana bila kula. Oneni jinsi kilivyopangwa kwa akili. Njaa haianzi siku sufuria inapokuwa tupu. Huanza moyoni mwa mama, anapozihesabu fedha mkononi akiwa njiani kwenda gengeni. Lakini maswali haya huiuliza nyumba, na yale makundi kumi humwuliza mwanamke. Nyumba yaweza kujibu vizuri na mama akajibu vibaya. Ndiyo sababu yafaa kuuliza yote mawili.

LA KUFANYA

Serikali ya Tanzania iliunda Taasisi ya Chakula na Lishe kwa sheria ya mwaka 1973. Katika miaka ya 1980, mkoani Iringa, vijiji vilifundishwa kupima watoto wao, kutafuta sababu za udhaifu wao, na kutenda kwa kadiri ya uwezo wao, kisha kupima tena. Kazi ile ilisifiwa duniani, na kutokana nayo watu waliona wazi kwamba lishe njema hushikwa na mafiga matatu: chakula, afya, na matunzo. Figa moja likiondolewa, chungu humwagika. Hebu tuyatwae hayo matatu mpaka mjini.

Kwa upande wa chakula, neno la kwanza ni akiba, nayo haiozi. Kabla ya kuuza gunia moja, mume na mke na wakae pamoja wahesabu: nyumba yetu hula kiasi gani kwa mwezi, na miezi mingapi imebaki mpaka mavuno mengine? Mpunga wa hesabu hiyo utengwe na usiguswe. Watu wakiungana kuhifadhi mpunga katika ghala moja, waweza kungoja bei ipande. Na sheria ya stakabadhi za ghala ya mwaka 2005 ilikusudiwa kuwasaidia wakulima wa namna hiyo. Kwa wasio na shamba, akina mama kumi wanaocheza upatu waweza kuufanya upatu wa chakula: badala ya kila mmoja kununua mafuta ya kupima, wanunue dumu kwa pamoja na kugawana. Mchicha na matembele huota hata katika gunia lililojazwa udongo mlangoni, na kuku wachache hutaga mayai. Lakini mayai yale yasiuzwe yote.

Kwa upande wa afya, mama mwenye mimba aende kliniki mapema, apewe vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki, avimeze kila siku kama aagizwavyo, hata kama vinamgeuza choo kuwa cheusi, maana hilo si dhara. Chai isinywewe pamoja na chakula, kwa kuwa huzuia chuma cha mboga kisiingie mwilini. Ingojewe kwa muda wa saa moja au zaidi. Limau, pera au embe, kinyume chake, hukisaidia chuma kuingia. Tangu mwaka 2011 kanuni za Tanzania zimewataka wenye viwanda watie virutubisho katika unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula. Lakini unga wa mashine ndogo za mtaani aghalabu haukutiwa kitu. Anunuaye na asome alama ya mfukoni.

Kwa upande wa matunzo, neno langu nawaelekezea akina baba, na wavulana wasomao shuleni. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hata wakiwa wamelala chini ya paa moja. Chakula kikiandaliwa, uliza: mama naye amebakiziwa nini? Mnofu na ugawanywe kabla ya mtu yeyote kuanza kula, na fungu la mwenye mimba na la anyonyeshaye yawe ya kwanza. Hili halihitaji fedha wala mvua.

Lakini nisiwadanganye. Bustani ya gunia haimshibishi mtu asiye na kipato, na ushauri wa kula mayai ni maneno matupu kwa asiyeweza kununua unga. Kwa hao, dawa ni kazi yenye ujira wa haki, bei isiyoruka, na mikono ya jirani na ya serikali katika miezi ile ya kabla ya mavuno. Kwa hiyo wenye kuongoza miji wasitazame tu magunia yanayopakiwa kwenye magari kuvuka daraja. Waulize pia, katika nyumba za Mlabani na za mitaa kama hiyo, jana akina mama walikula makundi mangapi.

Wanafunzi, kesho hesabuni makundi ya mlo wa nyumbani kwenu, mkaandike katika daftari, bila kumwaibisha mtu. Kisha mwonyesheni mama, na baba pia. Kwaherini.